Programu Kuukuu Kwenye Kompyuta ya Kikundi: Tusasishe au Tuondoe?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mikopo. Tutazungumza juu ya kompyuta. Lakini mtaona kwamba mwishowe tunarudi palepale kwenye mikopo.

Mwaka 2022 kikundi kimoja cha kina mama kilituletea kompyuta yake ofisini. Ilikuwa mashine kuukuu, na ni sisi tuliowapa. Siku moja katibu wao alikuwa akitafuta bei ya mahindi kwenye intaneti, mara ujumbe ukatokea: Flash Player yako imezeeka, bonyeza hapa usasishe. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akabonyeza. Kumbe ameingiza virusi. Kumbukumbu za mikopo za miezi minne hazikusomeka tena. Tulikaa nao Jumamosi tatu na vitabu vya wanachama, tukaandika upya shilingi kwa shilingi. Madeni mawili hatukuweza kuyathibitisha mpaka leo, na wenyewe hawasemezani vizuri.

Kosa halikuwa la katibu. Sisi tuliwafundisha kupiga chapa. Kutunza mashine hatukuwafundisha.

Sasa, hii Flash ni nini? Si ile flashi ya kuwekea faili, tunayoitia mfukoni. Kivinjari ni programu tunayofungulia intaneti, kama Chrome au Firefox. Zamani kilijua kuonyesha maandishi na picha tu. Ukitaka video au michezo, ilibidi kuongeza programu ndogo iitwayo plagini. Flash, iliyoanza mwaka 1996, ilikuwa mojawapo. Nyingine ni Silverlight ya Microsoft, na ile ya Java.

Plagini ni kama mlango wa pili uliotobolewa kwenye ghala. Mzigo unapita, sawa. Lakini mlango unataka kufuli, na wezi wakijua kuifungua, fundi alete nyingine. Kusasisha ndiko huko kuletewa kufuli mpya.

Mafundi wengi wa milango hiyo wamefunga kazi. Chrome iliacha kupokea plagini ya Java mwaka 2015, Firefox mwaka 2017. Kampuni ya Adobe iliacha kuishughulikia Flash tarehe 31 Desemba 2020, ikawaomba watu waiondoe. Microsoft iliacha Silverlight tarehe 12 Oktoba 2021. Siku hizi kivinjari chenyewe kinaonyesha video bila msaada.

Kwa hivyo ule ujumbe ulikuwa wa uongo kabla hata haujabonyezwa. Adobe haikuwa ikitoa tena Flash mpya kwa watu kama sisi.

Basi mkikuta programu ya nyongeza kwenye kompyuta yenu, jiulizeni maswali matatu.

1. Je, mwenye kuitengeneza bado anaitengeneza? Kama ameacha, hakuna la kusasisha. Ondoeni.

2. Je, tunaitumia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Programu isiyoshika jembe iondoke, hata kama ni mpya. Kuondoa hakumalizi bando.

3. Kama inatengenezwa na tunaitumia, sasisho linatoka wapi? Lisitoke kwenye ujumbe unaojileta. Funga huo ujumbe, kisha utafute sasisho ndani ya kivinjari chenyewe, au kwa kampuni iliyoitengeneza. Hapo bando itatumika, lakini ni gharama ya kufuli.

Maswali haya yanafaa pia kwa zile nyongeza ndogo ambazo vijana wetu hupenda kuweka kwenye Chrome.

Tunajua mweka hazina atasema: tukigusa hii mashine, hesabu zitapotea. Hofu yake ni ya haki. Kuondoa plagini hakufuti barua wala hesabu. Lakini kabla ya kugusa lolote, wekeni nakala ya hesabu kwenye flashi, muichomoe, muifungie kwenye sanduku la kikundi. Kama wale kina mama wangekuwa na nakala hiyo, kazi ya Jumamosi tatu ingekuwa ya dakika chache.

Mwisho, uamuzi usiwe wa mtu mmoja aliyeketi mbele ya mashine. Kompyuta ni mali ya kikundi, kama lile tangi la maji. Jadilini, amueni, mwandike kwenye kumbukumbu za mkutano: tumeondoa hii, tumesasisha ile, tarehe fulani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana:
- Ni nani kati yetu anayejua programu zilizo kwenye kompyuta yetu?
- Nakala ya mwisho ya hesabu zetu iliwekwa lini, nayo iko wapi?
- Ujumbe ukijileta na hatuuelewi, tutamuuliza nani kabla ya kubonyeza?