Mlango usiouliza diploma



Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo kijana aliyekimbia vita anaweza kuianza hata kama diploma yake iliungua pamoja na nyumba. Ni kazi ya kusaidia kutengeneza programu huria. Hizo ni programu za kompyuta na simu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi: kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Ni kama salongo, ila hapa hakuna anayelazimishwa.

Je, jambo hili linatuhusu? Ndiyo. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi, programu huria ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Kabla ya mwaka huo kwisha ilitumiwa pia kwa habari za vita hapa mashariki mwa Kongo. Na mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo si lazima kuanza na ufundi wa kompyuta. Lugha pia ni kazi.

Mgeni aanzeje? Kwanza, achague programu moja anayoitumia tayari, kisha asome kanuni za mradi wake. Pili, akiona kosa, aliripoti: nilifanya nini, nilitegemea nini, kilitokea nini, na simu yangu ni ya aina gani. Tatu, atafsiri maneno machache au asahihishe maelezo yasiyoeleweka. Baadaye, akijifunza zaidi, atafute kazi ndogo ambazo miradi mingi huwawekea wageni alama. Wenye uzoefu watakagua kazi yake. Wakiirudisha, asikasirike, arekebishe na kuituma tena. Wote walianza hivyo.

Tuseme ukweli: mara nyingi kazi hii haina mshahara, na mega zinanunuliwa. Lakini kila kazi iliyopokelewa hubaki mahali pa wazi, na kijana anaweza kumwonyesha mwajiri kama ushuhuda wa uwezo wake.

Tuwe waangalifu pia. Kilichowekwa wazi hakirudi. Mradi mwingi unakubali jina la kubuni, tulitumie. Tusiandike majina ya jirani zetu, wala tusitume picha zinazoonyesha tunapolala. Na mtu akidai pesa ili akuingize katika mradi, mkimbieni.

Viongozi, tunawaomba jambo moja. Mwezi huu, waketisheni pamoja vijana watatu au wanne, wasichana na wavulana, wa makabila mbalimbali, kwenye simu moja. Wachague programu moja na kutafsiri sentensi kumi. Watabishana juu ya neno la Kiswahili linalofaa, na mwishoni watakubaliana. Hayo ni mabishano tunayoyahitaji.