BIMA YA NYUMBA NA MAMBO ISIYOYALIPA

(Maongezi ya Katibu mbele ya wanaushirika na darasa la kisomo. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Tangu nyumba ya mzee wetu iungue, kijijini kuna maneno mengi. Wako wanaosema bima ni wizi mtupu. Wako wengine wanaosema ukishalipa ada yako, basi kampuni itakujengea nyumba hata kikitokea kitu gani. Wote hao hawajasoma hati. Sisi wa darasa la kisomo tumekaa na hati ya mzee jioni tatu, neno kwa neno. Imeandikwa kwa Kiingereza, ikabidi tumwombe mwalimu wa sekondari atufasirie. Mzee mwenyewe ameturuhusu tuyaseme haya hadharani, maana kila siku ofisini tunaulizwa kama watu waendelee kulipa au waache.

Kwanza tuelewane bima ni kitu gani. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo katika mfuko mmoja, na yule aliyepatwa na janga analipwa kutoka mfuko huo. Mpaka hapo ni jambo tunalolijua, hata mchango wa msiba ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kwenye msiba hatumwulizi mtu marehemu alikufa kwa nini ndipo tutoe mchango. Kwenye bima hilo ndilo swali la kwanza: nyumba imeharibikaje? Majanga yanayolipwa yameandikwa kwa majina yao, na lisiloandikwa halilipwi.

Zamani wengi wetu tulilijua Shirika la Bima la Taifa tu, ambalo tangu mwaka 1967 ndilo lililoachiwa biashara yote ya bima huku Bara. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa makampuni binafsi, na sasa mawakala wanapanda mpaka huku juu kwetu na mikoba yao. Hatuna ugomvi nao. Lakini wakala anakueleza yanayolipwa, yasiyolipwa anayaacha kwenye karatasi.

Bima ya kawaida ya nyumba mzizi wake ni moto na radi. Tufani, mafuriko na tetemeko mara nyingi huwa ni nyongeza, lazima uyaombe na uyalipie zaidi. Msidhani haya ni mambo ya mbali. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika makazi ya watu kule Katesh. Na Aprili 2024 mafuriko yalituingilia hapa hapa Moshi. Sasa sikilizeni vizuri: hata ukilipia nyongeza ya mafuriko, hati nyingi bado zinatenga kuporomoka na kudidimia kwa ardhi. Sisi tunaokaa kwenye miteremko, ambako mto unakula ukingo kila masika, hilo ndilo la kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Haya, tuje kwenye jambo lililomkuta mzee. Kila mmoja wetu anajua nyumba za huku. Kijana yuko Dar es Salaam au Arusha, amejenga nyumba nzuri ya matofali juu ya kihamba cha baba yake, ameweka mageti na vigae. Inafunguliwa Krismasi, watu wanakula ndafu, mbege inanywewa, na Januari inafungwa mpaka Desemba nyingine. Hati tuliyoisoma inasema nyumba ikikaa bila mtu siku 30 mfululizo bila kampuni kujulishwa, kinga inasimama. Maneno hayo yako hata katika hati za nchi nyingine, kwa sababu nyumba isiyo na mtu huungua mpaka mwisho bila kuonekana, na mwizi hufanya kazi kwa nafasi. Lakini aliyeyaandika hakuwa akiifikiria Kilimanjaro! Huku kwetu nyumba kufungwa miezi kumi na moja ndiyo desturi. Kampuni imemjibu mzee kwamba nyumba ilikuwa haikaliwi, kwa hiyo hailipi. Mzee anasema kijana wa kulisha ng'ombe alikuwa akilala chumba cha nyuma kila siku, tena ndiye aliyepiga kelele usiku ule. Je, huko si kukaliwa? Hapo ndipo ubishi ulipo, na tutarudi.

Yapo madogo ambayo tutayapitia haraka. Uchakavu haulipwi. Mabati yaliyooza kwa kutu na mbao zilizoliwa na mchwa ni matengenezo yako mwenyewe. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, friji ikaungua kwa ndani, bima ya moto hailipi friji hiyo; lakini moto ukitoka kwenye friji ukashika dari, nyumba inalipwa. Wizi kwa kawaida hulipwa pale tu mwizi alipovunja, na fedha taslimu za kahawa zilizofichwa chini ya godoro hazimo. Migomba, kahawa na ng'ombe hawamo katika bima ya nyumba. Ardhi yenyewe pia haimo, ndiyo maana thamani unayoandikisha ni gharama ya kujenga upya tu. Na ukigeuza chumba cha mbele kuwa duka la mafuta ya taa, au ukijenga jiko la majani ya migomba lililoegemea ukuta, bila kuwaarifu, umewapa sababu.

Jambo lililotuchelewesha sana darasani ni hesabu ya kuandikisha pungufu. Tuseme kuijenga nyumba yako leo ni shilingi milioni 40, lakini uliiandikisha kwa milioni 20, bei ya saruji ya miaka ile, ili ada iwe ndogo. Moto ukaunguza upande mmoja, hasara milioni 8. Watu wote darasani walisema, si atalipwa 8, maana 8 ni ndogo kuliko 20? Hapana. Umeandikisha nusu, unalipwa nusu: milioni 4. Wanasema nusu ile nyingine umejikatia bima wewe mwenyewe. Halafu hapo hapo inatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inasema utaibeba wewe. Mama mmoja wa kisomo akauliza, basi mtu aandikishe milioni 80 apate faida? Nako hakuna faida. Hulipwi zaidi ya ulichopoteza.

Kwa hiyo kwa wanaouliza waache au waendelee: sisi tunaona waendelee, lakini kila mmoja aandike barua kwa kampuni yake aseme nyumba inafungwa miezi gani na mlinzi analala wapi, kisha adai majibu kwa maandishi. Neno la mdomo la wakala halitoshi.

Sasa mzee. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mwananchi asiyeridhika. Kwanza unailalamikia kampuni yenyewe, na hilo limekwisha kufanyika. Barua ya kwenda kwa Msuluhishi tumeiandika. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba kijana alikuwa akilala pale. Wale waliokuwa wakiona taa yake usiku, na yule mama aliyekuwa akimpelekea uji asubuhi, waje ofisini Alhamisi saa nane mchana. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba. Na mwenye hati ya bima yake nyumbani aje nayo siku hiyo hiyo, mwalimu atakuwepo.