Ngome za Udongo
(Hotuba iliyosomwa Sinza, Dar es Salaam)



Nani katika sisi apitaye Kunduchi asitambue kwamba pale walikaa watu wa zamani? Msikiti wa karne ya 15 ungali na kuta zake, na makaburi ya nguzo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mawe hujisemea. Bali udongo haujisemei, ndiyo sababu tumeona vema kuunenea leo.

Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, ngome zao nyingi hawakuzianza kwa mawe. Walichimba handaki la mviringo, wakalundika udongo wake hata ukawa kilima, wakasimamisha juu yake mnara na ua wa miti. Miti imeoza zamani. Vilima vingi vingalipo, wala mtu hana ruhusa ya kuvichimba apendavyo. Sheria ya kwanza ya kulinda mambo ya kale huko ilitungwa mwaka 1882.

Msidhani hayo ni ya Ulaya tu. Uganda, kusini ya mto Katonga, iko Bigo bya Mugenyi. Jina hilo Mswahili hulielewa nusu: ni ngome ya mgeni. Wazee husimulia kuwa ni kazi ya Wachwezi. Wataalamu walipachimba, Shinnie mwaka 1957 na Posnansky mwaka 1960. Mahandaki yake yapita maili 6 kwa urefu, na mahali pengine kina chake ni kama futi 12. Fikirini ni majembe mangapi! Hata hivyo, mchungaji aonaye mtaro ulioota majani hafikiri ngome, afikiri malisho.

Nasi wa Sinza hatuna Bigo, lakini tunayo magari ya kifusi. Kila kiwanja kipya chataka udongo na mawe, wala dereva haulizi tuta lile lilikuwa nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini mlinzi mmoja hawezi kukesha pwani nzima. Huko Kunduchi mabakuli mengine yamekwisha kung'olewa, yamebaki matundu katika nguzo.

Basi twawaomba: mchimbaji akikuta vigae vya vyungu, shanga au msingi wa mawe ardhini, aweke jembe chini, asiviondoe mahali pake, amwarifu mwenyekiti wa mtaa siku ile ile, naye apeleke habari kwa wakuu wa Mambo ya Kale. Kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumweleza mtaalamu kililala pamoja na nini.

Mwenye swali na aulize, twamsikiliza.