Darasa la Bastola
Darasa la bastola huanza na usalama. Jeff Cooper, aliyefungua shule ya kulenga shabaha Arizona, Marekani, mwaka 1976, alieneza kanuni nne: kila silaha ihesabiwe ina risasi; mtutu usielekezwe kwa kisichokusudiwa kupigwa; kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka bastola ielekee shabaha; na kilicho nyuma ya shabaha kijulikane.

Kasoro sugu ya wanafunzi ni kuuogopa mlio: mkono huinamisha bastola kabla risasi haijatoka. Mkufunzi huchanganya kwa siri risasi bandia na za kweli. Zamu ya bandia ikifika, mlio hausikiki ila mtutu umeinama, na hapo hakuna wa kubisha. Dawa yake ni kubonyeza kifyatulio polepole, tena na tena, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa.