Klachi Nzito ya Vespa Kuukuu

Katika mji wa Upplands Väsby, kaskazini ya Stockholm, Vespa kuukuu iliyolazwa majira yote ya baridi huweza kuamka na klachi nzito. Mwenye nayo asikimbilie kufungua injini.

Chombo hiki, kilichoanza kuundwa na kampuni ya Piaggio nchini Italia mwaka 1946, hubadilishwa gia kwa mkono wa kushoto, pamoja na klachi. Waya wa klachi hupita ndani ya usukani na bodi hadi kwenye injini.

Zima injini, fungua waya upande wa chini, kisha uuvute huku na huku. Usipoteleza, kosa limo humo: kutu, ukavu, au ganda lililopindwa kwa kona kali. Badilisha waya pamoja na ganda, upake grisi. Ukiteleza, ndipo klachi yenyewe ikaguliwe.

Kutu hiyo Unguja huletwa na hewa ya bahari. Uswidi, na chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu. Waya uliopuuzwa hukatika ghafla, na dereva aliye katikati ya magari hubaki bila klachi.