Tupime Kwanza, Ndipo Tununue
Mazungumzo mbele ya wanamemba, Lweba



Kamati iliniomba niseme juu ya umeme wa masini nzito. Sababu mnaijua. Trakta yetu imekwisha kula batri mbili ndani ya misimu miwili, na ile feza ni mchango wa kila mtu aliyekaa hapa. Ilipogoma mara ya tatu, kamati ikasema: hakuna feza itatoka mbele ya kupima. Tukapima. Batri ilikuwa nzima, imeishiwa umeme tu. Kilichokufa ni balbu ndogo ya alama ya batri, pale mbele ya dereva.

Mtaniuliza: balbu namna gani isimamishe trakta? Nieleze.

Batri haitengenezi umeme, inautunza tu. Ni kama sanduku la mutuali yetu. Demareri ni mkopaji mkubwa: kila asubuhi anachukua nyingi kwa mara moja. Alternateri ndiye mchangiaji, anarudisha kidogo kidogo motere ikizunguka. Mchangiaji akilala, sanduku linabaki tupu. Ukinunua sanduku jipya, hilo nalo litakauka.

Sasa, alternateri nyingi haziamki zenyewe. Zinaamshwa na umeme kidogo unaotoka kwenye batri kupitia ile balbu. Ikiungua, alternateri inaweza kuzunguka siku nzima bure. Ndiyo maana, ukifungua ufunguo mbele ya kuwasha motere, ile taa lazima iwake. Motere ikiwaka, lazima izime. Isipowaka kabisa, usifurahi eti hakuna shida. Shida ndiyo hiyo.

Neno kwa mafundi. Sisi tuliojifunza kazi Nyarugusu na Lugufu tunasema stata, altaneta, fyuzi, ethi. Aliyejifunza hapa Fizi anasema demareri, alternateri, fizibule, masi. Ni vitu vilevile. Tusigombane kwa majina, tushike kipimo.

Kazi ifuate mpango huu:

1. Macho na mikono kwanza, motere imezimwa. Mkanda ukiusukuma kwa kidole katikati, usilegee kupita kama sentimita moja. Vichwa vya batri viwe safi na vikazwe. Waya wa masi ufuatwe mpaka unapofungwa kwenye chuma. Kutu na rangi hapo vinazuia umeme.

2. Pima batri ikiwa imepumzika. Ya volti 12 iliyojaa inaonyesha 12,6 hivi. Ikiwa 12 au chini, imekauka; ichajiwe mbele ya kuihukumu.

3. Washa motere, pima tena palepale. Ikipanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4, alternateri inaleta. Ikibaki 12 na kitu, hailetwi. Ikipita 15, regileta imekufa, inachemsha batri.

4. Alternateri ikionyesha 14 mgongoni kwake lakini batri inapata 13, alternateri ni nzima. Ile volti moja inapotelea njiani, kwenye waya au kiungo kibovu.

Vijana wanaoendesha greda na katapila za barabara, zenu ni za volti 24: batri mbili zimefungwa pamoja. Mkichaji, mtafute 28 hivi. Na jambo hili mlisikie vizuri: msivute umeme wa simu, redio wala taa kutoka batri moja tu. Ile moja inakauka, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, na mwisho zote mbili zinakufa. Tumieni kifaa cha kupunguza 24 kuwa 12.

Makatazo ni matatu. Usitoe waya wa batri motere ikizunguka ili "kujaribu alternateri". Unaweza kuiunguza palepale. Usichomelee chuma kwenye masini mbele ya kufungua nyaya za batri na za alternateri. Na usiongeze maji ya ziwa kwenye batri: yana madini. Ni maji safi ya batri peke yake. Sigara mbali, sababu batri inayochaji inatoa gesi inayolipuka.

Ombi langu kwa kamati na kwa marafiki wetu ni dogo: multimetre mbili, balbu na mikanda ya akiba, na daftari moja linalokaa ndani ya trakta. Fundi aandike tarehe, volti ya kupumzika, na volti motere ikizunguka. Hata asiyejua ufundi ataweza kulisoma na kuuliza.

Mvua za mwezi wa tisa hazingoji batri ifike kutoka Uvira. Mwenye shamba akikosa zamu ya kulimiwa, msimu wake umekwenda. Basi fundi yeyote akija kusema "batri imekufa, leteni feza," mwanamemba yeyote, mama au baba, amuulize kwanza: ulipima ngapi?