Kidonda cha Nyonga ya Mara ya Pili



Daktari mpasuaji John Charnley alipoanza kuweka nyonga bandia za kisasa Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, usaha ulimsumbua miaka mingi. Mwanzoni wagonjwa wapatao 7 katika kila 100 waliambukizwa. Akasafisha hewa ya chumba cha upasuaji, akabadilisha mavazi na namna ya kushona, hesabu ikashuka chini ya 1.

Huku Pwani ya Kenya nyonga haziharibiki kwa uzee tu. Sikoseli huzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa na kubomoka mtu angali kijana. Nyonga bandia nayo huchakaa, hivyo kijana huyo huenda akarudi kupasuliwa tena. Safari hii kisu kinapita kwenye kovu, na kovu halipati damu ya kutosha. Kazi huchukua muda mrefu, damu humwagika zaidi, na ile inayotuama ndani huwa chakula cha bakteria. Wakishanasa kwenye chuma hujifunika utando ambao dawa haiupenyi vizuri.

Kinga huanzia nyumbani. Sukari ishuke, upungufu wa damu utibiwe, sigara iachwe walau wiki 4, jino bovu na kidonda cha mguu viponywe kwanza. Mgonjwa aoge kwa sabuni, asijinyoe paja kwa wembe. Michubuko midogo ya wembe ni milango ya bakteria. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikataza kunyoa, likaelekeza antibayotiki zinazohitajika zitolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kupasuliwa.

Sasa niruhusuni nikae kwenye plasta inayofunika kidonda baada ya upasuaji, maana hapo ndipo tunapopotezea wagonjwa. Mtu amevuka feri ya Likoni, amefika kwake Tiwi, plasta kavu. Siku chache baadaye leso imelowa ubavuni: majimaji ya manjano mepesi, hana homa, hana maumivu makali. Nyumbani wanasema kidonda kinajisafisha. Nimeona plasta ikibanduliwa, kapsuli ya antibayotiki ikafunguliwa, unga wake ukanyunyizwa juu ya nyuzi. Unga ule huganda na kuziba tundu, na chini yake uozo unaendelea.

Kidonda cha nyonga bandia kinachovuja kupita saa 72 baada ya upasuaji ni jambo la dharura. Mgonjwa asiruhusiwe kutoka wodini namna hiyo. Kikifika siku ya 5 hadi ya 7 bila kukauka, mara nyingi hakuna budi kukifungua na kukiosha katika chumba cha upasuaji, mapema, kabla nyonga yote haijalazimika kutolewa.

Wauguzi wa Kwale, Tiwi na Msambweni, nawaomba: mkiletewa plasta iliyolowa, msianze na vidonge. Dawa ya kubahatisha huwaficha bakteria tunaowatafuta kwenye vipimo. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, mpigieni simu daktari aliyepasua, na mgonjwa asafirishwe siku hiyo hiyo.